Nguo haikukai? Maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu kushona kwa pateni

Anayeanza kushona kwa pateni, yaani karatasi zilizochorwa vipande vya kukatia nguo, hufika mahali pale pale: amefuata kila maelekezo, mishono imenyooka, na bado nguo haimkai. Haya hapa ni maswali ninayoulizwa tena na tena, pamoja na majibu ninayoyatoa baada ya miaka mingi ya kushona, kufumua na kushona upya. Karibu yote yanarudi kwenye jambo moja. Kitambaa chenyewe huonyesha tatizo lilipo, ila mara nyingi halipo pale unapoliona.

## Kabla ya kukata

1. Nichague saizi gani, maana ninayovaa ya dukani hailingani na ya kwenye pateni?

Iache namba ya dukani. Kila mtengenezaji wa pateni ana jedwali lake la vipimo, na hilo ndilo la kufuata. Jipime ukiwa na nguo za ndani utakazovalia nguo hiyo, tepu ikiwa sambamba na sakafu, bila kuvuta tumbo ndani.

Kwa gauni, blauzi au koti, anza na kifua cha juu, yaani tepu ipite chini ya makwapa, mahali palipo juu kuliko matiti. Kipimo hiki hufuata mifupa yako, na sehemu za mifupa (mabega, shingo, makwapa) ndizo ngumu kurekebisha. Pateni nyingi za wanawake zimechorwa kwa mtu ambaye kifua chake kamili (kinachopimwa kwenye ncha za matiti) kinazidi kifua cha juu kwa sentimita 5 hivi. Kama tofauti yako ni kubwa kuliko hiyo, chukua kifua cha juu, ongeza 5, chagua saizi kwa jibu hilo, kisha uongeze nafasi ya matiti kama ilivyoelezwa kwenye swali la 10. Ukichagua kwa kifua kamili utapata nguo inayotosha matiti huku mabega yakianguka hadi mikononi.

Kwa suruali na sketi inayoshika mwili, chagua kwa nyonga. Kiuno kinarekebishika kwa urahisi.

2. Vipimo vyangu vinaangukia saizi tatu tofauti. Nifanye nini?

Tumia zote tatu. Pateni yenye saizi nyingi imechorwa hivyo kwa ajili yako. Fuata mstari wa saizi moja kifuani, uhamie polepole kwenye nyingine kiunoni, kisha nyingine nyongani, kwa mchoro laini usio na kona. Badilisha mbele na nyuma kwa namna ile ile ili mishono ya ubavu ilingane.

3. Nimepima karatasi ya pateni nikakuta ni kubwa kuliko mwili wangu. Imekosewa?

Hapana, hiyo ni nafasi ya kupumua. Nguo ya kitambaa kisichovutika ikiwa sawasawa na mwili hutaweza kuketi wala kujaza mapafu. Blauzi ya kawaida huhitaji angalau sentimita 5 za ziada kifuani, na koti huhitaji zaidi kwa kuwa huvaliwa juu ya nguo nyingine. Kitambaa cha jezi ni kinyume chake: nguo inaweza kuwa ndogo kuliko mwili na ikakaa vizuri, kwa sababu inavutika.

Umefanya vyema kupima karatasi. Kabla ya kulinganisha, ondoa akiba ya mshono (kitambaa kinachobaki nje ya mstari wa mshono) na upana wa dati (mkunjo unaoshonwa ukiishia kwa ncha), maana hivyo havitakuwemo kwenye nguo iliyokamilika.

4. Ni lazima nishone nguo ya majaribio?

Kwa suruali, gauni la kubana, na kitambaa ambacho ukikiharibu utaumia moyo, ndiyo. Kwa sketi ya marinda yenye mpira kiunoni, hapana.

Tumia shuka kuukuu au kitambaa chochote cha bei nafuu chenye uzito unaokaribiana na ule wa kitambaa chenyewe. Acha kola, mifuko na bitana. Shona kwa mishono mirefu ya milimita 4 au 5 ili ifumuke haraka. Kabla ya kuunganisha, chora kwa kalamu mstari wa katikati mbele na nyuma, kisha mistari ya mlalo ya kifua, kiuno na nyonga. Mistari hii ni shahidi wako. Ukivaa na mstari wa nyonga ukapanda nyuma, ujue nyuma kuna upungufu wa urefu, hata kama hujaona mkunjo wowote.

5. Ule mshale mrefu kwenye kila kipande una umuhimu gani?

Unaonyesha kipande kilale vipi juu ya mtande, yaani nyuzi zinazokwenda sambamba na ukingo wa kitambaa. Mtande hauvutiki sana. Mshindio, yaani nyuzi zinazoukata mtande kwa mlalo, huvutika kidogo, na mshazari wa digrii 45 huvutika sana. Kipande kikikatwa kikiwa kimepinda hata kidogo, upande mmoja wa nguo utaning'inia tofauti na mwingine, na hakuna mshono utakaokirudisha.

Pima kutoka ncha moja ya mshale hadi ukingoni, kisha kutoka ncha ya pili. Vipimo viwili vilingane kabisa, usikadirie kwa macho. Na kabla ya yote, fua kitambaa jinsi utakavyoifua nguo. Kitambaa kinachorudi kwa asilimia 5 hupoteza sentimita 5 katika kila mita, na hiyo ndiyo nafasi yako yote ya kupumua.

6. Pateni niliyochapisha mwenyewe imetoka ndogo. Kwa nini?

Printa imeipunguza ili ienee kwenye karatasi. Chapisha kwa asilimia 100, kwanza ukurasa wenye mraba wa kujaribia peke yake, upime mraba huo kwa rula. Ukipungua hata milimita 2, rekebisha mipangilio kabla ya kuchapisha kurasa nyingine.

## Kusoma mikunjo

7. Nitajuaje mkunjo unasababishwa na nini?

Simama wima mikono ikiwa chini na umwombe mtu akupige picha mbele, nyuma na ubavuni. Kioo hakitoshi, kwa sababu ukigeuka kujitazama mgongo unaunda mikunjo mipya. Kisha jiulize mambo mawili: mkunjo umekaza au umelegea, na unaelekea wapi?

Mkunjo wa mlalo uliokaza kama kamba unasema upana hautoshi mahali hapo. Mkunjo wa mlalo uliolegea, kama pazia lililofika chini na kurundikana, unasema urefu umezidi. Mikunjo ya wima iliyolegea ni upana uliozidi. Ile ya mshazari ndiyo yenye habari nyingi: iliyokaza inaelekeza kidole mahali panapodai kitambaa. Ukifuata mistari hiyo hadi mwisho wake utakuta titi, ncha ya bega, nyonga au msamba, na hapo ndipo pa kuanzia.

Kama bado huna uhakika, jaribu kwa mikono. Bana kitambaa kilichozidi kwa pini. Mkunjo ukipotea bila kuzaa mwingine, umepata jibu, na ulichobana ndicho kiasi cha kuondoa. Ukihisi upungufu, fumua mshono ulio karibu huku nguo ikiwa mwilini. Kitambaa kitajifungua chenyewe, na upana wa mwanya huo ndio kiasi cha kuongeza. Sijui kipimo cha tepu kinachosema kweli kuliko mwanya huo.

8. Matatizo ni mengi. Nianze na lipi?

Anza juu ushuke: mabega kwanza, kisha kifua, mgongo, kiuno, nyonga, na upindo mwisho kabisa. Nguo hutundikwa mabegani, kwa hiyo bega likirekebishwa mikunjo ya chini hubadilika, mara nyingine inaisha yenyewe. Kwa suruali na sketi, kitu cha kutundikia ni kiuno, hivyo anza hapo. Na rekebisha jambo moja kwa wakati, uvae tena kabla ya kugusa la pili.

9. Kwa nini nisipunguze tu ubavuni? Ni rahisi.

Ni rahisi, na ndiyo sababu nguo nyingi huharibikia hapo. Mshono wa ubavu hubadilisha upana peke yake. Hauwezi kurekebisha urefu, mteremko wa bega wala umbo la titi. Niliwahi kupunguza gauni moja ubavuni mara tatu kwa sababu lilionekana kuvimba chini ya makwapa, na kila mara lilibana zaidi kifuani huku uvimbe ukibaki. Nilipobana sentimita 1 kwenye ncha za mabega, uvimbe ulikwisha. Kitambaa nilichokwisha kukata ubavuni hakikurudi.

## Mabega, kifua na mgongo

10. Nguo inanikaa mabegani lakini inabana kwenye matiti. Nifanyeje?

Ongeza nafasi kwenye kipande cha mbele peke yake. Chora mstari kutoka kiunoni kwenda juu hadi kwenye ncha ya titi, kisha kutoka hapo hadi katikati ya mzingo wa kwapa, yaani tundu la kuingizia mkono. Chora wa pili kutoka ubavuni hadi kwenye ncha hiyo hiyo, ukipita katikati ya dati ya ubavu kama ipo. Kata mistari hiyo ukiacha bawaba ndogo ya karatasi kwenye mstari wa mshono wa kwapa, kisha fungua. Kipande cha mbele ni nusu ya mwili, kwa hiyo ukihitaji sentimita 4 kwa jumla, fungua 2.

Utaona dati imeongezeka upana, au imezaliwa pale ambapo haikuwepo, na upande wa ubavu umeshuka. Shusha na upindo wa katikati mbele ulingane nao. Dati hiyo usiifute, maana ndiyo inayokipa kitambaa umbo la titi. Kwa kifua kidogo fanya kinyume chake: pandanisha kingo za mistari badala ya kuzifungua.

11. Shingo inabenuka mbele na kuonyesha ndani ninapoinama.

Urefu wa mstari wa shingo umezidi. Bana ziada kwa pini mwilini, pima, kisha kwenye karatasi ukunje kiasi hicho kama dati nyembamba kutoka shingoni kuelekea ncha ya titi, ukifungua dati nyingine ili karatasi ilale. Kama pateni ilikaa vizuri na kubenuka kumeanza baada ya kukata, pateni haina kosa. Shingo imevutika mkononi. Mara tu unapokata shingo, pitisha mshono mmoja wa kuishikilia, milimita 2 hadi 3 kabla ya mstari wa mshono wenyewe, hata kabla ya kujaribu nguo.

12. Mikunjo inatoka shingoni kwenda kwapani.

Mabega yako yanateremka kuliko ya pateni. Shusha ncha ya bega kwenye karatasi, na ushushe sehemu ya chini ya kwapa kwa kiasi kile kile ili mzingo wa kwapa usipungue. Mabega yaliyonyooka huonyesha kinyume: mkunjo wa mlalo chini ya shingo nyuma na mkazo kwenye ncha za mabega. Hapo pandisha vyote viwili.

13. Nyuma, juu ya makalio, kitambaa kinarundikana.

Kwanza hakikisha nyonga haibani, kwa sababu nguo inayobana hupanda na kurundikana kiunoni. Kama nyonga ina nafasi, basi mgongo wako umeingia ndani na urefu wa katikati nyuma umezidi. Ondoa kabari ya sentimita 1 hadi 2 katikati nyuma, inayoisha sifuri ubavuni. Kwenye gauni lisilo na mshono wa kiuno, mstari wa katikati nyuma utapinda baada ya kukunja, kwa hiyo weka mshono katikati badala ya kukata kitambaa kikiwa kimekunjwa.

## Mikono

14. Siwezi kuinua mikono. Nichimbe kwapa?

Usichimbe. Najua mkono unakuambia kwapa limebana, na mafundi wengi hukimbilia mkasi, lakini kwapa likishuka mambo huwa mabaya zaidi. Kadiri mahali mkono unapoungana na kiwiliwili panavyoshuka, ndivyo nguo nzima inavyopanda unapoinua mkono. Kwapa lililo juu, karibu na mwili bila kukwaruza, huuacha mkono uende peke yake.

Tiba ni mbili na huenda pamoja. Pandisha sehemu ya chini ya kwapa sentimita 1 hadi 2 kwenye kiwiliwili na kwenye mkono wa nguo. Kisha punguza kimo cha kichwa cha mkono, yaani ule upinde unaoingia begani, na kupanua mkono hapo chini yake ili urefu wa upinde ubaki ule ule. Kichwa kirefu na chembamba hukaa kwa unadhifu ukiwa umesimama, nacho kifupi na kipana huacha mikunjo kidogo lakini hukuruhusu kufanya kazi. Huwezi kupata vyote viwili kikamilifu, kwa hiyo amua kulingana na nguo: koti la sherehe au shati la kuvaa kila siku?

Kama kikwazo hutokea unaponyoosha mikono mbele tu, angalia upana wa mgongo kati ya makwapa. Huenda ndio uliopungua.

15. Mkono ni mkubwa kuliko tundu lake, na nikiulazimisha unatoka na marinda.

Kiasi fulani cha ziada huwekwa kwa makusudi ili kufunika mviringo wa bega. Pima upinde wa mkono na mzingo wa kwapa kwenye mstari wa mshono, tepu ikiwa imesimama kwa ukingo wake. Tofauti ya sentimita 2 hadi 4 huwezekana kwenye sufu, ambayo husinyaa kwa mvuke wa pasi. Kwenye pamba iliyosukwa kwa kubanana, hata 2 ni shida. Punguza kwenye karatasi bila kuogopa.

Pitisha mistari miwili ya mishono mirefu juu ya kichwa cha mkono, kati ya vipengo (alama ndogo za kulinganishia vipande zilizo ukingoni mwa pateni) vya mbele na nyuma tu, vuta nyuzi taratibu, gawanya ziada, piga bandi kwa mkono, yaani mishono mirefu ya muda, kisha ndipo uende kwenye cherehani. Chini ya kwapa pasiwe na ziada yoyote.

## Suruali

16. Suruali inanivuta msambani.

Soma mikunjo kama kwenye swali la 7. Mistari inayotawanyika kama miale kutoka msamba kwenda juu mbele inadai urefu zaidi kwenye mzingo wa mbele (mshono wa msamba upande wa mbele), au nafasi zaidi kwenye paja. Kiuno kinachoshuka nyuma unapoketi kinadai urefu nyuma: kata kipande cha nyuma kwa mlalo kwenye usawa wa nyonga na ufungue kabari katikati, sifuri ubavuni. Kitambaa kinachoning'inia chini ya makalio kinadai kabari hiyo hiyo iondolewe.

Kabla ya yote hayo, punguza akiba ya mshono kwenye sehemu ya chini ya mzingo hadi milimita 6 au 7. Akiba ya sentimita 1.5 ikibaki hapo, husimama na kuinua suruali ndani ya mwili. Nimeona suruali zilizokwisha kukatiwa tamaa zikipona kwa hilo tu.

17. Mshono wa mguu unazunguka kuja mbele.

Kipande kilikatwa nje ya mtande (swali la 5), au safu ya chini ilisogea wakati wa kukata. Ukishakata, hakuna tiba ya kweli. Kwa kitambaa kinachoteleza, kata safu moja moja.

## Kuunganisha

18. Vipande viwili havilingani urefu. Nikate kilichozidi?

Usikate kwanza. Bega la nyuma mara nyingi hurefushwa makusudi kwa nusu sentimita hadi 1 ili kutoa nafasi ya mfupa wa bega, na mishono inayopita juu ya titi huunganisha mizingo isiyofanana. Linganisha vipengo. Kama vipengo vinalingana na ziada iko kati yake, weka kilichozidi chini, upande wa meno ya cherehani, yakusaidie kukiingiza. Kama ziada imetokea mwishoni, rudi kwenye karatasi uangalie ulivyochanganya saizi (swali la 2).

19. Nimefuata saizi, lakini nguo imetoka ndogo pande zote.

Angalia akiba ya mshono. Pateni nyingine huwa na sentimita 1.5, nyingine 1, nyingine hazina kabisa na unatakiwa uongeze. Ukishona 1.5 pale palipoandikwa 1, kila mshono unakula nusu sentimita kila upande, yaani sentimita 1 kwa mshono. Gauni lenye mishono minne ya wima limepungua sentimita 4.

20. Mshono unajikunjakunja hata baada ya pasi.

Badilisha sindano kwanza: namba 70 kwa kitambaa chepesi, 80 au 90 kwa cha kawaida, 100 kwa jinzi, na yenye ncha ya mviringo kwa jezi. Kisha legeza uzi wa juu kidogo na ujaribu urefu wa milimita 2 hadi 2.5 kwenye kipande kilichobaki cha kitambaa hicho hicho. Usikivute kitambaa kwa nyuma.

Jezi ikitoka na mawimbi, mguu wa cherehani umekandamiza mno. Punguza mgandamizo, tumia zigizaga nyembamba, na upige mvuke bila kuisugua pasi.

21. Dati inaisha na kibonyeo.

Umeishia kwa kona. Sentimita 1.5 za mwisho zishonwe karibu sambamba na mkunjo, hadi sindano itoke nje ya kitambaa. Usirudishe mshono kwenye ncha. Acha nyuzi ndefu uzifunge fundo. Piga pasi juu ya taulo lililokunjwa, si juu ya meza bapa. Ncha iishie sentimita 2 hadi 3 kabla ya ncha ya titi.

22. Zipu ina mawimbi.

Kitambaa kilivutika ulipokuwa ukishona. Bandika ukanda mwembamba wa kitambaa cha kutia ugumu kwenye akiba zote mbili, piga bandi, kisha shona pande zote mbili kutoka chini kwenda juu.

23. Fesingi ya shingo, yaani kipande cha ndani kinachomalizia ukingo, inachungulia nje.

Kata vijinyufa kwenye akiba ya mzingo, ilaze akiba yote upande wa fesingi, na ushone juu yake milimita 2 kutoka kwenye mshono. Mstari huo hauonekani nje, nao huivuta fesingi ndani.

## Hali zisizo za kawaida

24. Bega langu moja liko chini kuliko jingine.

Watu wengi wako hivyo. Kata kwa bega lililo juu, kisha ushushe lililo chini kwa kiasi chake, au uweke pedi nyembamba ndani. Kwenye kitambaa cha mistari chagua pedi, kwa sababu mistari iliyopinda huonyesha tofauti ambayo macho yasingeiona.

25. Ninamshonea mzee ambaye mgongo umeinama. Nguo inapanda nyuma na kubana kooni.

Nyuma inahitaji urefu. Kata kipande cha nyuma kwa mlalo kwenye usawa wa mifupa ya mabega, kutoka katikati hadi kwenye kwapa, na ufungue sentimita 1 hadi 3 kadiri unavyohitaji. Mstari wa katikati ukipinda juu, unyooshe na uhamishie ziada kwenye dati ndogo ya shingo au ya bega. Mbele nako huenda urefu umezidi, kwa hiyo bana upime. Mpime akiwa amekaa au amesimama kama anavyokaa na kusimama siku zote, usimwombe ajinyooshe.

26. Nimeshakata, na ni ndogo. Kuna namna?

Kama uliacha akiba ya sentimita 1.5, shona ubavu upya ukiacha akiba ya milimita 7. Kila ukingo unakupa milimita 8, na kingo ni nne, kwa hiyo utapata sentimita 3.2. Isipotosha, weka ukanda wa kitambaa ubavuni kuanzia kwapani hadi kwenye upindo, na uuendeleze chini ya mkono hadi kiwikoni ili uonekane umekusudiwa. Ukanda wa rangi nyingine hupendeza kuliko unaojaribu kufanana na kushindwa. Kama upungufu uko mabegani au mgongoni, fumua na ukate kutoka humo nguo ya saizi ndogo.